Ule mwaka wa Kichina kabla ya chuo
Kuna mdogo wangu kanifuata inboksi: "Kaka, mwaka wa lugha China una faida au ni kupoteza muda?" Nijibu hapa hapa, maana si wa kwanza kuuliza.

Nilienda kwa ufadhili wa serikali ya China, digrii ya kwanza, masomo kwa Kichina. Mwaka mzima wa mwanzo ni maandalizi: lugha kila siku, halafu hisabati, fizikia na kemia, zote kwa Kichina. Mwishoni kuna mitihani, ikiwemo HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, daraja la 4, ambayo kwetu ilikuwa maneno 1,200.

Lugha niliridhika nayo kabisa. Laoshi wetu, yaani mwalimu, hakuchoka. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài, tofauti ni toni tu; nimewahi kusimama sokoni nikimwambia mama wa matofaa kwamba nataka kuuza kilo mbili. Alicheka mpaka akaniongezea moja.

Kilichoniuma ni fizikia. Tulikaririshwa istilahi, basi. Hakuna aliyetufundisha kuandika ripoti ya maabara wala kunukuu mhadhara. Na laoshi anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto. Ukifika chuoni, profesa ana lafudhi ya kwao na mwandiko wa kuungaunga ubaoni. Wiki tatu za kwanza nilikuwa napiga picha ubao, usiku naomba Mchina wa chumba cha pili anisomee.

Nenda, mdogo wangu. Ila muhula wa pili ukianza, omba ruhusa ukae nyuma kwenye mihadhara ya mwaka wa kwanza.