Kutafuta uzito wa doom metal: kumbukumbu ya gitaa nililolishusha hadi C

Kabla ya mradi

Sleep, bendi ya doom metal (roki nzito ya mwendo wa polepole), niliwasikia kwa mara ya kwanza kwenye spika ya simu, nikazima baada ya dakika tatu. Watu watatu wa San Jose, California, gitaa, besi na ngoma, wanakokota rifu moja (kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa-rudiwa) kama wanaovuta jahazi nchi kavu. Jina lao maana yake ni usingizi, nikaona limewafaa.

Siku chache baadaye nikaicheza tena Dopesmoker, wimbo mmoja wa dakika 63, safari hii kwenye spika kubwa. Juu ya kabati la spika nilikuwa nimesahau kikombe chenye kijiko ndani. Besi ilipoingia, kijiko kikaanza kulia. Kisha kikombe chenyewe kikaanza kutembea, taratibu, kuelekea ukingoni, nami nimekaa nakitazama tu badala ya kukidaka. Jioni ile nikaamua: nataka gitaa langu litembeze kikombe.

Wiki ya 1

Kazi ya kwanza ni kushusha nyuzi. Mzizi wake uko kwa bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 pale mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo vilivyokatika ndivyo vya kubana nyuzi. Akajitengenezea vikofia vya plastiki na ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya Master of Reality ya 1971 alikuwa ameshusha gitaa hatua tatu za nusu toni, kutoka noti ya E hadi C#. Uzi uliolegea haumuumizi sana mwenye vidole vile, na papo hapo sauti inazama. Watu wanaupenda muziki huu kwa giza lake. Mimi kila nikiusikia navikumbuka vile vikofia.

Nikaenda nusu toni moja zaidi, hadi C. Uzi mnene, ule wa E, unaotetemeka mara 82 kwa sekunde ukashuka hadi 65. Matokeo: aibu. Uzi unagonga freti (vile vyuma vidogo vilivyopangwa shingoni), noti inapinda nikiubana kwa nguvu kidogo tu. Rafiki yangu mpiga besi akalishika gitaa, akacheka. "Bwana wee, hizi nyuzi au kamba za kuanikia nguo?"

Wiki ya 3

Alikuwa na haki. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa kasi ya mtetemo, kwa hiyo kutoka E hadi C unapoteza zaidi ya theluthi ya mkazo wote. Ili uzi ukaze kama zamani, lazima unenepe: wangu ulikuwa namba 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi), hesabu ikataka 58 hivi.

Nyuzi nene nazo hazikuingia kwenye vijinafasi vya ule mfupa ulio juu ya shingo. Nikachukua msasa, nikaukunja, nikachonga. Nikapitiliza. Uzi ukazama hadi kugusa freti ya kwanza, ukawa unavuma kama nzi kwenye chupa. Nimeziba kwa gundi kali na bekingi soda, ikaganda pale pale, nikachonga upya kwa adabu. Inashika mpaka leo.

Wiki ya 5

Hapa ndipo nimepoteza muda mwingi. Nilifungua pedali ya fazi (kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa) hadi mwisho nikidhani mkwaruzo ndio uzito. Kila nikirekodi, napata mzinga wa nyuki: kelele nyingi, kifua hakuna. Nikapunguza mkwaruzo nusu, nikapunguza na sauti za juu, ikawa afadhali.

Kisha nikaangalia rekodi kwenye programu inayochora mitetemo. Nilikuwa napiga C na G pamoja, yaani mitetemo 65 na 98 kwa sekunde. Kumbe kuna mlima mwingine, karibu na 33, ambao sikuupiga. Nikazima fazi, nikapiga tena: haupo. Nikawasha: umerudi. Noti mbili zikipita pamoja kwenye mkwaruzo huzaa tofauti yao, na 98 ukitoa 65 unabaki na 33, C nyingine iliyo chini kuliko uzi wowote wa gitaa langu. Nilikaa nikiwasha na kuzima kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Hapo nikaelewa na ile simu. Spika yake haifiki huko chini kabisa. Dakika zangu tatu za kwanza nilikuwa nimesikiliza bendi iliyokatwa miguu.

Wiki ya 6

Spika ya gitaa nayo haiwezi kuitoa 33 kwa nguvu. Ila besi iliyoshushwa kutoka E hadi C inatua hapo hapo, 33 kasoro kidogo. Kiti kiko tayari, anayetakiwa ni wa kukikalia. Nikamwomba yule mcheshi wa kamba za nguo aje na besi yake. Tukapiga rifu ileile, yeye oktava moja chini yangu, naye akiwa na mkwaruzo kidogo. Kikombe nilikiweka mahali pake. Kijiko kikalia kwenye pigo la pili.

Kikombe hakijatembea. Tatizo sasa ni mimi: metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) iko kwenye 60, pigo moja kwa sekunde, na kila nikifika pigo la nne mkono unakimbilia la kwanza kabla noti haijamaliza kufifia. Mwenzangu anasema nihesabu kwa mguu, si kwa kichwa. Jumamosi anakuja tena.