Wiki ya tatu chali, na Lord Home

Jumapili. Daktari kasema nisiinuke bado. Ufa wa dari nimeshaukariri kama ramani, na vitabu vilivyo karibu na kitanda vimekwisha isipokuwa kimoja cha historia ya Uingereza. Ndimo nilimokutana na Alec Douglas-Home, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. (Huandikwa Home, hutamkwa Hyum. Waingereza bwana.)

Mwaka 1940 aligundulika ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Akapasuliwa, akafungwa plasta ngumu, akalala karibu miaka miwili huku wenzake wakiwa vitani. Mrithi huyu wa mashamba makubwa ya Scotland akatumia muda huo kumsoma Karl Marx, baba wa ukomunisti! Baadaye alitania kwamba madaktari walifanya lisilowezekana: kumtia mwanasiasa uti wa mgongo. Nilicheka, mgongo ukanikumbusha kwamba kucheka bado hairuhusiwi.

Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa waziri mkuu Chamberlain, na alifuatana naye Munich mwaka 1938 kwenda kupatana na Hitler. Hilo simsamehei upesi.

Oktoba 1963 waziri mkuu Macmillan akajiuzulu akiwa mgonjwa. Wakubwa wa chama chao cha Conservative wakanong'onezana, bila kura, uwaziri mkuu ukamwangukia Home, Earl wa 14 (cheo cha ulodi cha kurithi). Ili aingie bungeni kwa kuchaguliwa, aliuvua ulodi tarehe 23 Oktoba, kwa sheria mpya iliyopiganiwa na Tony Benn wa Labour, chama cha upinzani. Kwa takriban wiki mbili, hadi aliposhinda uchaguzi mdogo huko Scotland, nchi iliongozwa na mtu asiye lodi wala mbunge. Wengi husifu kitendo kile. Mimi naona kuvua cheo si kuvua shamba. Mashamba yalibaki yake.

Na yeye ndiye aliyekuwa madarakani Desemba ile bendera ya Uingereza iliposhushwa, Zanzibar tarehe 10, Kenya tarehe 12. Januari 1964 askari wa Tanganyika walipoasi, ni serikali yake iliyoleta makomando Nyerere alipoomba msaada. Shuleni tulikaririshwa tarehe zote hizo, jina lake hatukuulizwa hata siku moja.

Wilson, kiongozi wa Labour, alimkejeli kwa u-Earl wa 14. Akajibu kwamba, ukifikiri vizuri, hata Bwana Wilson ni Bwana Wilson wa 14. Jibu tamu, ila uchaguzi wa Oktoba 1964 alishindwa, baada ya siku 363 tu. Mwaka uliofuata akaachia uongozi wa chama, akampisha Heath, kisha akawa waziri wa mambo ya nje chini ya Heath huyohuyo alipokuwa waziri mkuu, 1970 hadi 1974. Kwetu nani angekubali?

Aliishi miaka 92. Lakini anayenijia usiku huu si waziri mkuu, ni yule wa kwenye plasta, anayegeuza kurasa za Marx huku mikono ikimchoka. Yule namwelewa.

Kesho nitajaribu kuketi dakika kumi. Mama ameshaandaa mito.