Njiti hata ukubwani

Leo neno "amepona" limenikaa kichwani. Ndilo hutamkwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anapotoka wodini, uzito umepanda, ananyonya mwenyewe. Wengi wao kweli hukua vizuri. Lakini aliyezaliwa wiki ya 28 ametoka na viungo ambavyo ujenzi wake ulikatizwa, na baadhi ya athari hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayekumbuka alizaliwa na wiki ngapi.

Figo ndizo zinazonisumbua zaidi, maana huumia kimyakimya. Zaidi ya nusu ya vichujio vyake hujengeka katika theluthi ya mwisho ya mimba, hadi karibu wiki ya 36. Mtoto akitoka mapema, kazi hiyo huendelea kwa wiki chache tu, kisha husimama kabisa. Vichujio vilivyopo hubeba mzigo mkubwa kuliko kawaida, na presha huweza kupanda tangu ujanani bila dalili yoyote. Kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 aanze kupimwa presha hata kabla ya miaka 3. Mkanda wa kipimo ulingane na mkono wake. Ukiwa mdogo mno, namba husomeka juu kuliko ilivyo.

Mapafu nayo. Kijana anayehema haraka akikimbia mara nyingi huambiwa ana pumu, akapewa dawa ya kuvuta isiyomsaidia sana. Apimwe kwa mashine ya kupuliza, na daktari aambiwe historia ya oksijeni aliyopewa alipozaliwa.

Kwa macho, kipimo cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, cha wiki za mwanzo hakitoshi. Makengeza na kutoona mbali huja baadaye, hata kwa asiyewahi kutibiwa retina. Akiona vimulimuli, madoa yanayoelea au kama pazia linashuka, aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Kuhusu ubongo, nyuzi za neva ziendazo miguuni hupita karibu kabisa na vyumba vya maji vya ubongo, sehemu inayodhurika kirahisi kati ya wiki ya 24 na 32. Ndiyo maana miguu hukakamaa kuliko mikono, na mtoto hutembea kwa ncha za vidole. Madhara mepesi zaidi hujificha mpaka shuleni: hesabu zinampiga chenga, maelekezo matatu kwa mpigo yanampotea. Inaniuma sana mtoto huyu anapoitwa mvivu.

Wazazi waombe nakala ya faili mapema, kabla halijapotea. Iwe na wiki za mimba, uzito kwa gramu, siku za mashine ya kupumulia na za oksijeni, majibu ya ultrasaundi ya kichwa na ya macho. Akifikisha miaka 18 akabidhiwe mwenyewe, na kila daktari mpya aione hata kama hakuuliza.