Ghorofa sio tatizo, tatizo miguu yake

Juzi nimeenda Kariakoo, hapa Dar, kununua mapazia nikajikuta nimesimama mtaa wa Likoma natafuta nyumba ya bibi, yani nahesabu viwanja kama mgeni wakati pale ndo nimekulia. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida tu, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani jiko na choo, mbele baraza. Asubuhi baraza la muuza kahawa, mchana la wasusi, jioni la wazee na bao lao, na ukipita bila kusalimia bibi anapata taarifa kabla hujafika. Saa hizi ni ghorofa nane. Wajomba waliingia ubia na tajiri mmoja, hayo tuyaache.

Ila mi sio wa kulia lia kwamba mji umeharibika. Kariakoo ghorofa zimeota karibu kila kiwanja na mtaa bado uko hai, mpaka unakanyagwa, na kivuli chake saa nane mchana mi nakipenda jamani. Siri iko chini: kote ni frem za maduka. Frem yenyewe nyembamba, ukitembea hatua 20 umeshapita vitenge, chaja za simu, mikoba, kila mlango kuna mtu anakuita "dada karibu", halafu mbele yao machinga. Wa ghorofa ya sita hakujui, sawa, lakini chini kuna macho.

Sasa nenda Upanga. Zile nyumba za zamani za ghorofa mbili tatu, mtu yuko roshani anaanika nguo huku anabishana bei na muuza samaki aliyesimama chini na baiskeli, zinavunjwa moja moja unapanda mnara ambao ghorofa tatu nne za kwanza zote ni paking. Ukipita pembeni yake ni ukuta, geti, mlinzi, jenereta linakupulizia moshi usoni, ukuta tena. Saa moja usiku hapo natembea mbio simu nimeificha. Nani atanisikia nikipiga kelele, magari?

Na upepo! Sokoine Drive pale kwenye minara, upepo wa bahari ukigonga ukuta mrefu hauna pa kwenda, sehemu yake inateremka na ukuta mpaka chini na inakuja na kasi ya huko juu, ndo maana ukikatiza hapo na khanga unaishika kwa mikono miwili. Kanisa la Azania Front na mnara wake wa enzi za Mjerumani, lililokuwa linaonekana toka baharini, siku hizi kama mtoto kasimama katikati ya watu wazima.

Sijagusa uimara. Mtaa wa Indira Gandhi 2013 ghorofa liliporomoka watu 36 walikufa, Kariakoo Novemba 2024 likaporomoka lingine tukalia tena. Hiyo sio ya kupita juu juu, ina siku yake.

Basi pale kwa bibi wameacha ngazi mbili za tailizi mbele ya frem, nimekuta wazee watatu washajibana hapo, bao nafasi haitoshi wanasukuma drafti. Nimewasalimia wote. Mwenye frem anauza mapazia, nikanunua hapo hapo, nikamwambia hapa palikuwa kwetu, hakunipunguzia hata mia.