Tulivyopunguza maji na kemikali kiwanda cha ngozi, kazi waliifanya watu wa dramu

Mimi ni supavaiza wa shifti kiwanda cha ngozi, upande wa ngozi mbichi, pale zinapolowekwa kwenye dramu, yale mapipa makubwa yanayozunguka, zinatolewa manyoya kwa chokaa na sulfaidi halafu zinaingia kwenye kromu, kemikali inayofanya ngozi isioze. Kazi hii inakula maji balaa, tani moja ya ngozi inaweza kumaliza lita 30,000 mpaka 40,000 na yote yanatoka machafu.

Mabosi walileta mtaalamu, akaandika ripoti nzuri tu ya Kiingereza, ikakaa kabatini. Mimi nikaomba tufunge mita ya maji kila dramu na anayeisoma awe opareta mwenyewe sio mtu wa ofisini, na kabla ya kukabidhiana shifti tusimame kidogo mbele ya ubao kila mtu aseme alichoona.

Aisee hapo ndo mambo yakaanza kutoka. Mzee mmoja wa siku nyingi akaniambia, "Kijana wangu, tunasuuza mpira ukiwa wazi dramu inazunguka, maji mengi yanapita tu. Jaza, funga, zungusha, mwaga, halafu rudia." Tukajaribu dramu moja tukalinganisha na ya jirani, mita ikashuka sana na ngozi safi vilevile. Kina mama wanaopanga ngozi nao wakataka chumvi ya kuhifadhia ngozi ikung'utwe kabla ya kuloweka, na wako sahihi kabisa maana ikishayeyuka mabwawa ya kusafishia hayaiondoi, inaenda hivyohivyo mpaka mtoni.

Kromu ilikuwa ngumu zaidi. Kwa njia ya kawaida ngozi inashika kama asilimia 60 hadi 70, iliyobaki ni hela inayoenda mtaroni. Vijana walipoanza kupima pH (kiwango cha asidi) na joto wenyewe ikajulikana shifti ya usiku inamwaga mapema, kabla ngozi haijashika kromu vizuri, kwa kukimbizana na malengo. Nikagoma, nikasema mtu asiadhibiwe, ratiba ndo ibadilishwe, na ikabadilishwa. Maana ukimwadhibu mmoja tu, kesho ubaoni hakuna atakayefungua mdomo.

Fundi bomba ndo aliyeuliza mbona mtaro wa chokaa unakutana na wa asidi, na sulfaidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua. Ikatenganishwa fasta.

Kila badiliko tunaliandika kwa Kiswahili kwenye daftari la dramu husika na mgeni anafundishwa na opareta, kwa hiyo hata mtu akihama ujuzi unabaki. Sasa hivi tunajaribu kuchuja maji ya chokaa tuyatumie tena, na anayeongoza majaribio ni yule mzee.