Kitako cha bunduki ya babu

Nimerudi Urambo baada ya miaka mingi ya kuendesha mabasi Birmingham, Uingereza, na kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya nyumbani ni kuunga kitako cha bunduki ya babu. Wengi walitegemea nianze na mabati au kisima. Hayo yapo na zamu yake itafika. Lakini bunduki ilikuwa vipande viwili tangu baba alipofariki, na shangazi hakusubiri hata nikae: "Marahaba, mwanangu. Umeiona bunduki ya baba yangu ilivyo?"

Ni bunduki ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, geji 12. Hesabu ya geji ni ya zamani: risasi kumi na mbili za mviringo za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinatimiza ratili moja. Babu aliinunua kwa Mwingereza mmoja wakati Mradi wa Karanga unafungwa. Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori Kongwa mwaka 1947, kisha hapa Urambo na Nachingwea, ili ipate karanga za mafuta. Mwaka 1951 ikakubali kwamba imeshindwa. Wazungu wakauza walichoweza kuuza wakaondoka, ardhi ikaja kulimwa tumbaku. Babu alikuwa dereva wa trekta pale. Alipata kibali chake, na tangu hapo bunduki hiyo imelinda mahindi yetu dhidi ya nguruwe pori na nyani.

Ukiifungua, chini ya mitutu utaona herufi NP zimevikwa taji. Ni alama ya Birmingham: mtutu ulijaribiwa kwa baruti kali kupita ya kawaida na haukupasuka. Jumba linalofanya majaribio hayo lilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na bado liko Mtaa wa Banbury, karibu na stesheni ya reli. Nilipita eneo hilo na basi langu mara nyingi. Siku moja ya mapumziko nikaenda kwenye ule mtaa wa mafundi bunduki, upande wa Kanisa Kuu la St Chad. Sehemu kubwa ilibomolewa miaka ya 1960 kupisha barabara ya mzunguko, lakini karakana chache zimebaki. Mzee mmoja wa pale akaziangalia picha kwenye simu yangu, akaniambia maneno ambayo niliyashika: usitupe kibanzi hata kimoja, na usimruhusu mtu apige msumari.

Ilivunjikia shingoni, pale mkono unaposhika nyuma ya vifyatulio. Nyingi huvunjikia hapo. Ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, na ndani yake mbao imechongwa ili mtambo wa kufyatulia ukae na skrubu zipite. Ikianguka kwa nyuma, uzito wa chuma unavutia huku na kitako kinavutia kule. Halafu kuna mafuta. Bunduki inayosimamishwa mitutu juu kwa miaka sabini inachuruzisha mafuta ya mtambo kidogo kidogo hadi kwenye mbao, nayo inakuwa nyeusi na laini kama tende. Yetu ilikuwa hivyo hasa.

Kaka alitaka tuchonge kitako kipya cha mninga. Alikuwa na hoja. Tabora ni nchi ya mninga, na mbao yake ikishakauka hainywei ovyo wala haipindi. Kingependeza. Mimi nilikataa. Kitako kile ni cha mjozi, mbao ya Ulaya, na upande wa kushoto pana weupe uliosuguliwa na shavu la babu, kisha la baba. Kitako kipya kingetupa bunduki nzuri ya kutazama, lakini shavu la baba lisingekuwamo. Tulibishana jioni mbili, shangazi akaamua. Kwetu shangazi akishaamua, mjadala umefungwa.

Leseni ni ya kaka. Marehemu hamrithishi mtu leseni, mrithi huomba yake, na kaka alilifuatilia hilo polisi mpaka likakamilika. Kwa hiyo yeye ndiye aliyefungua skrubu, akafungia mitutu na mtambo kwenye sanduku la chuma. Kwa fundi nilipeleka mbao tupu.

Fundi wetu ni mtengeneza vitanda na makabati. Hajawahi kutengeneza bunduki, ila mbao anaijua. Alivigeuza vile vipande viwili juani, akanusa palipovunjika, akasema, "Hapa gundi haishiki, mdogo wangu. Kwanza tuyatoe haya mafuta."

Kazi hiyo ndiyo iliyokula muda kuliko zote. Tulisaga chaki ya shule, tukaikoroga na asetoni ikawa uji mzito, tukaupaka kwenye mavunjiko na kuuacha ukauke. Asetoni inayalegeza mafuta na chaki inayanywa. Mara ya kwanza chaki iligeuka rangi ya chai ya rangi. Tukaipangusa kwa brashi ya meno, tukapaka nyingine, tukarudia na kurudia hadi ikakauka nyeupe. Msasa hatukuugusisha pale kabisa, kwa sababu nyuzi zilizochanika ndizo zinazorudi kushikana, kila moja mahali pake.

Fundi akatoboa tundu refu katikati ya shingo, nusu kila upande, la kuingiza chuma chenye hesi. Hesi zinaipa gundi mahali pa kung'ang'ania. Tulitumia gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili, na pembezoni tukapaka nta ya nyuki ili gundi itakayofurika isigandie. Kisha akachukua mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukata utepe mrefu na kuizungushia shingo huku akivuta kwa nguvu zake zote. Jiriwa haishiki vizuri umbo la mviringo. Mpira unabana pande zote kwa pamoja. Tuliiacha hadi kesho yake, na ulipofunguliwa ule mpira niliupitisha ukucha kwenye mstari wa mvunjiko, haukukwama.

Kibanzi kimoja hakikuwahi kupatikana. Pengo lake tukaliziba kwa kipande cha mninga, na nilimwomba fundi asikitie rangi. Kinaonekana, chekundu kidogo ndani ya kahawia. Umalizio ni mafuta ya kitani yaliyopakwa kwa kiganja, tabaka jembamba kila siku, hakuna vanishi. Tahadhari kwa atakayejaribu: vitambaa vyenye mafuta hayo usivirundike. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vianike vikiwa vimetandazwa nje, au uviloweke kwenye ndoo ya maji.

Kaka amesharudisha chuma kwenye mbao. Sasa anaiweka sandukuni mitutu ikielekea chini, mafuta yasirudi shingoni. Hatujaipiga na hatutaipiga kabla fundi wa silaha mwenye leseni hajaikagua mitutu na mtambo. Mbao tumeimaliza, lakini chuma cha umri ule hakiaminiwi kwa macho. Safari ya Tabora mjini ni wiki ijayo. Mahindi yameanza kubeba, na kule bondeni nguruwe wameshafukua mistari miwili.