Mwili wa baba unajua

Tangu binti yetu azaliwe kuna swali limenikaa kichwani. Mwili wa mama yake umeshiriki kila hatua: umebeba mimba, umejifungua, sasa unanyonyesha. Wangu je, unajua kwamba mtoto yupo? Mtaani kwetu jibu ni fupi: baba ni mfuko. Mimi silikubali, na kila nikipata nafasi usiku nasoma juu ya jambo hili.

Huko Cebu, Ufilipino, mtafiti Lee Gettler na wenzake waliwapima vijana wa kiume 624 testosteroni, homoni ya kiume, kwenye mate, mwaka 2005, kisha wakawapima tena baada ya miaka minne na ushee. Waliotangulia kupata mwenza na mtoto walikuwa wale wenye kiwango cha juu tangu mwanzo. Walipokuwa baba, kiwango kikashuka: asubuhi kwa 26%, jioni kwa 34%. Waliobaki bila mwenza wala mtoto walishuka kidogo tu. Na katika akina baba wenyewe, waliomhudumia mtoto saa 3 au zaidi kwa siku ndio waliokuwa na kiwango cha chini kabisa.

Najua hapa wanaume wengi watashtuka. Testosteroni ikitajwa kijiweni, watu wanawaza nguvu za kiume, ambazo dawa zake zinatangazwa hadi kwenye nguzo za umeme. Lakini kushuka huku si ugonjwa wala udhaifu. Mwili unahamisha nguvu kutoka kwenye kushindania wanawake, unazipeleka kwenye kulea.

Utafiti ulionigusa kuliko yote ulifanyika huku huku kwetu. Kazi yangu ni kuendesha wageni, na Ziwa Eyasi nalifahamu vizuri. Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao, mwaka 2009, walitoa matokeo ya kuwalinganisha wanaume wa Kihadzabe na wa Kidatoga, majirani wanaoishi eneo moja, wale wawindaji, hawa wafugaji. Kwa Wahadzabe, wenye watoto wadogo walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana.

Ukifika kule utaona kwa nini. Niliwahi kumwona baba wa Kihadzabe amekaa kando ya moto, ananyoosha mshale kwa meno, mtoto kajilaza katikati ya mapaja yake anavutavuta manyoya ya mshale ule ule. Hakumfukuza. Alipomaliza alimwinua, akamweka begani, maongezi yakaendelea. Baba wa Kidatoga muda mwingi yuko na ng'ombe, na usiku watoto wanalala kwa mama zao. Siwashushi Wadatoga hata kidogo. Kuchunga ng'ombe ndiko kumlisha mtoto. Na akina baba wa namna hiyo wapo hata hapa Njiro, Arusha, wanaoondoka alfajiri na kurudi mtoto kalala. Ninavyoelewa mimi, kuzaa peke yake hakutoshi kuubadilisha mwili wa mwanamume. Mwili unangoja awe karibu.

Ukaribu huo unaonekana pia kwenye oksitosini, homoni inayohusishwa na upendo wa mzazi kwa mtoto. Huko Israel, Ruth Feldman na wenzake waliwapima wazazi wiki chache baada ya mtoto kuzaliwa, kisha tena alipofika miezi sita. Viwango vilipanda kwa wote wawili, na vya baba havikuwa nyuma ya vya mama. Kwa mama vilikwenda pamoja na kumpapasa mtoto na kumsemesha. Kwa baba, na kumrusharusha na kumwonyesha vitu. Niliposoma hapo nilimwangalia binti yangu, kajilaza kifuani baada ya kumcheulisha, utosi unapwita chini ya kidevu changu, nikafurahi sana.

Sokwe wa Gombe hawalei hivi. Dume hamhudumii mtoto, jike analea karibu peke yake, na hukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa tena. Binadamu tunazaa kwa kufuatana zaidi kwa sababu tunasaidiwa. Kristen Hawkes na wenzake waliona kwa Wahadzabe kwamba mama akiwa na kichanga, uzito wa watoto waliotangulia unategemea mizizi anayochimba bibi. Kwetu bibi alishuka kutoka Machame na mkungu wa ndizi mgongoni mwa pikipiki, na mtori haujakatika tangu siku ile. Jikoni anaimba, kisha ananiita: “Baba, hebu mshike mtoto, mwenzio ale.” Namshika.

Msimu wa wageni unaanza Juni. Nimeshaomba ofisini nipangiwe safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, Tarangire au Hifadhi ya Arusha, badala ya zile za wiki nzima Serengeti. Tipu itapungua. Mimi na mke wangu tumekaa tukapiga hesabu: kodi ya nyumba itatosha, kiwanja kitasubiri mwakani.